Uwanja Mpya wa Jamhuri na Hesabu ya Milango



Sisi wakazi wa Olympic tuna jambo moja la kuchekesha. Mtaa wetu umebeba jina la michezo mikubwa kuliko yote duniani, lakini uwanja wetu ni vumbi, mawe na magoli mawili, moja likiwa limeegemea upande kama mzee aliyechoka kusimama. Nikienda ushago na kusema kwamba ninakaa Olympic, binamu zangu hudhani ninalala karibu na wanariadha. Basi hebu fikiria furaha yetu tuliposikia kwamba uwanja wa watu 60,000 unajengwa pale Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong, mahali ambapo mtoto wa Kibera anaweza kufika kwa miguu bila kutoa hata shilingi moja ya matatu. Mwenzake wa Kawangware naye hufika vivyo hivyo kutoka upande wa pili.

Uwanja huo ni Talanta. Tarehe 27 Septemba 2023, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania nafasi ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Kenya ilikuwa haijawahi kuliandaa. Tulipewa lile la 1996, tukashindwa kujitayarisha, likaenda Afrika Kusini. Tukapewa lile la wachezaji wa ligi za nyumbani, CHAN, la mwaka 2018, likachukuliwa pia na kupelekwa Morocco. Mara zote mbili viwanja vilikuwa sehemu ya kilio. Hivyo basi, ujenzi ulipozinduliwa Jamhuri tarehe 1 Machi 2024, chini ya Wizara ya Ulinzi na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, wengi wetu tulisema tutaamini tukiona.

Tukaenda kuona. Ilikuwa Jumamosi moja ya Septemba 2025. Tulikuwa wanachama sita wa Chama cha Kiswahili, pamoja na mwalimu wetu wa Hisabati aliyejialika mwenyewe. Tulipita Ayany tukatokea Jamhuri, na geti likatukatalia. Soja alitutazama kwanza sisi, kisha daftari zetu, akasema, "Vijana, hapa si shule." Mwalimu alijaribu Kiingereza, akajaribu Kiswahili sanifu, yote hayakusaidia. Tukabaki kutazama kutoka nje: majukwaa ya zege yaliyopanda juu kama karai kubwa, kreni zikizunguka, na watu wa mjengo wenye helmeti wakionekana wadogo kama siafu.

Njaa ilitupeleka kwenye kibanda cha chapati madondo, na hapo ndipo tulipopata mwalimu wa pili. Alikuwa fundi wa kufunga vyuma, mtu wa makamo, suruali yake nyeupe kwa saruji. Kijana mmoja wetu alimwambia, "Mzee, hilo paa likiisha litakuwa moto sana." Fundi alitafuna kwanza, akameza, akajibu, "Nyinyi wote mnauliza paa. Hakuna mtu ananiuliza watu watatoka wapi."

Maneno hayo yalitushika. Makala haya yametoka hapo.

Nianze na jambo rahisi, kuona. Ukikaa jukwaani, jicho lako linatazama mstari wa pembeni wa uwanja, na mstari huo wa macho lazima upite juu ya kichwa cha aliye mbele yako. Wahandisi hupima jinsi mstari huo unavyopita juu ya jicho lake: sentimita 12 ni bora, 9 ni nzuri, na 6 ni ya kuvumilia tu. Hii si kitu ila zile pembetatu zinazofanana tulizofunzwa kidato cha pili tukalalamika kwamba hazina kazi. Mwalimu alizichora pale pale mavumbini kwa kijiti. Chukua safu zenye upana wa sentimita 80. Aliye chini, jicho lake likiwa mita 2 juu ya uwanja na mita 10 kutoka mstarini, anahitaji aliye nyuma yake ainuliwe sentimita 26 hivi. Aliye juu, mita 12 kutoka ardhini na mita 34 kutoka mstarini, anahitaji wa nyuma ainuliwe sentimita 37. Yaani kadiri unavyopanda, ndivyo vidato vinavyozidi kuwa virefu. Ndiyo sababu jukwaa zuri halinyooki kama ubao ulioegemezwa ukutani, hujikunja kama karai. Lakini haliwezi kujikunja bila kikomo, kwani mteremko ukizidi nyuzi 34 mtu hupata kizunguzungu, na akijikwaa huanguka mbali.

Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na Nyayo, uliofunguliwa 1983, vyote vina njia ya kukimbilia kuzunguka uwanja. Ni sawa kwa nchi ya wanariadha. Ila shabiki wa kandanda aliye nyuma ya goli huona mpira kama mtu anayetazama harusi ya jirani kupitia dirishani. Talanta ulichorwa bila njia hiyo, ili majukwaa yasogee karibu na nyasi.

Kuna na jua. Uwanja wa kandanda, mita 105 kwa 68, hupendelewa ulale kaskazini hadi kusini, ili jua la jioni lisimpige kipa usoni. Kile kiwanja chetu cha vumbi kinalala mashariki hadi magharibi. Mimi ni kipa. Wale mnaonilaumu kwa lile goli la mechi ya madarasa, saa kumi na moja jioni, nadhani sasa mmeelewa.

Turudi kwa swali la fundi. Watu watatoka wapi?

Waingereza wana kitabu cha mwongozo wa usalama viwanjani kiitwacho Green Guide. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1973, baada ya watu 66 kufa katika ngazi za uwanja wa Ibrox, Glasgow, mwaka 1971, mechi ikiwa imeisha na kila mtu anaelekea nyumbani. Kitabu hicho kina namba mbili ambazo nawasihi mzikariri kama mnavyokariri ngeli. Katika njia iliyo tambarare, kila mita moja ya upana hupitisha watu 82 kwa dakika. Katika ngazi, mita hiyo hiyo hupitisha 66 tu. Na jukwaa linapaswa kuwa limemwaga watu wake kwenye njia za kutokea kwa muda usiozidi dakika 8.

Haya, tupige hesabu. Mita moja ya tambarare kwa dakika 8 hupitisha watu 656. Gawanya 60,000 kwa 656, unapata kama mita 92 za milango. Wote wakipita kwenye ngazi, ni 528 kwa kila mita, na sasa unahitaji mita 114. Weka milango hiyo bega kwa bega, ni mirefu kuliko uwanja wenyewe wa kuchezea! Na haiwezi kuwekwa upande mmoja tu; lazima izunguke, kila jukwaa na milango yake, kila mlango na namba yake. Warumi walilijua hili. Jumba lao la Colosseum, lililofunguliwa mwaka wa 80 baada ya Kristo, lilikuwa na milango 80, na mingi yake ilichongwa namba juu.

Tulitaka kujua kama namba hizo ni za kweli au ni za vitabu tu. Jumatatu iliyofuata tulifanya jaribio katika darasa letu. Tuko 52, na mlango una sentimita 90. Kwa hesabu ya kitabu, tunapaswa kutoka kwa sekunde 42. Mara ya kwanza tulitoka tukisukumana kama kawaida yetu kengele ya chakula inapolia: sekunde 70. Wawili walikwama mlangoni na mikoba yao, na mmoja akapoteza kifungo cha shati. Mara ya pili tulitoka kwa mwendo wa kawaida bila kusukumana: sekunde 45. Yaani kukimbilia kulituchelewesha sekunde 25. Kiranja wa darasa alitupigia kelele mara zote mbili, kwa hivyo kelele zake hazikubadilisha hesabu.

Lakini kadiri tulivyoendelea kusoma, niligundua kwamba hata swali la fundi lilikuwa nusu tu. Kutoka ni hatari. Kuingia ni hatari zaidi, na wachache hulifikiria.

Lile lango la chuma linalozunguka na kupitisha mtu mmoja mmoja, likifanya kazi vizuri kabisa, hupitisha watu 660 kwa saa, yaani 11 kwa dakika. Linganisha na 82 wa mita moja ya kutokea! Ili kuingiza watu 60,000 kwa saa moja unahitaji malango kama 91, yote yakiwa mazima, hakuna tikiti inayokataa kusomeka, hakuna anayebishana na askari. Sasa sema watu 40,000 wamefika nusu saa kabla ya mechi, kwa sababu ya jam, kwa sababu ya kazi, kwa sababu ni Wakenya. Kwa nusu saa, malango 91 hupitisha kama 30,000. Filimbi inapulizwa, na watu 10,000 bado wako nje. Ndani, kelele za wimbo wa taifa. Nje, kila mtu aliye nyuma anasukuma kidogo tu, hata hajui anasukuma. Aliye mbele kabisa ndiye anayejua.

Mimi nimekuwa aliye mbele. Nilikuwa na kakangu mkubwa, tuna tikiti mkononi, kwenye uwanja mmoja wa hapa mjini ambao sitautaja. Malango mawili kati ya matano ndiyo yaliyokuwa wazi. Kwanza nilishindwa kuinua mikono. Baadaye miguu yangu ikawa haigusi chini, nikawa ninabebwa. Nilitaka kumwita kakangu, pumzi haikutoka. Mama mmoja nisiyemjua alinishika kwa kola akanivuta juu ya kizuizi cha chuma, akaniweka chini upande wa pili kama mzigo wa sukuma wiki, akarudi kumtafuta mtoto wake. Nilipoteza kiatu kimoja. Mechi yenyewe sikumbuki nani alishinda. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu katika msongamano hawafi kwa kukanyagwa tu. Wengi hufa wakiwa wamesimama, kwa kukosa nafasi ya kifua kupanuka.

Mambo haya hayako mbali nasi. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu saba walikufa katika mkanyagano kwenye uwanja wa Nyayo, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Saba, kwa mechi ya ligi tu. Na kwa wale wanaofikiri kwamba uwanja mpya ndio dawa, hebu watazame Yaoundé. Uwanja wa Olembe ulijengwa mpya kabisa kwa Kombe la Afrika, wa watu 60,000, sawa na huu wetu. Tarehe 24 Januari 2022, Cameroon ikicheza na Comoros, watu wanane walikufa nje ya lango. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema lango hilo lilipaswa kuwa wazi, nalo lilikuwa limefungwa. Mhandisi alikuwa amefanya kazi yake. Mlango ulikuwepo kwenye mchoro, ulikuwepo ukutani. Aliyekosekana ni mtu wa kuufungua.

Mwaka 2025 sisi wenyewe tulionyeshwa kadi ya njano. Kenya iliandaa CHAN pamoja na Tanzania na Uganda mwezi wa Agosti. Tuliifunga Morocco 1-0 pale Kasarani, nchi nzima ikalala usiku wa manane. Lakini kulikuwa na mashabiki waliovunja njia wakaingia bila tikiti, na CAF ikaagiza mechi iliyofuata, dhidi ya Zambia, iwe na watazamaji 27,000 tu. Nyumbani kwetu baba alikasirika, akasema tunaonewa. Mimi nilikaa kimya, maana nilikuwa nikikumbuka kiatu changu.

Wanaojua kazi hii husema dawa ni kuweka pete zaidi ya moja. Tikiti ikaguliwe kwanza mbali na uwanja, barabarani, ili asiye nayo asifike kabisa kwenye lango la kuzunguka na kulazimika kurudi akipingana na wanaokuja. Kati ya pete ya nje na malango kuwe na uwanda mpana wa kupumua. Na hapo ndipo wasiwasi wangu kuhusu Jamhuri unapoanzia, kwa sababu Kasarani ina ardhi kubwa pande zote, lakini Jamhuri imezungukwa na mitaa ya watu.

Piga hesabu nyingine. Matatu ya watu 33: ili kubeba watu 60,000 zinahitajika zaidi ya 1,800. Zile za watu 14, zaidi ya 4,200. Hakuna jioni ambayo Barabara ya Ngong itazimeza zote. Kwa maoni yangu, bahati kubwa ya uwanja huu ni kwamba uko katikati ya watu wanaotembea. Kibera, Kawangware, Woodley na Dagoretti tunaweza kuujaza na kuumwaga bila hata injini moja. Lakini mtembea kwa miguu naye ana upana wake. Njia ya miguu ya mita 2 hupitisha watu 164 kwa dakika. Watu 10,000 wakielekea Olympic kwa njia kama hiyo watachukua zaidi ya saa nzima, na hiyo ni kama hakuna mama wa mahindi choma, hakuna bodaboda iliyoegeshwa, na hakuna mtaro ulio wazi usiku bila taa. Njia ya miguu ya kutoka Jamhuri hadi kwetu ni mlango wa uwanja, sawasawa na ile milango ya chuma. Ningependa kuona mchoro wa njia hizo kabla ya kuona rangi ya viti.

Pesa zipo, au tuseme zimekopwa. Hati za dhamana za karibu shilingi bilioni 45 kwa ajili ya mradi huu ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025. Gawanya kwa viti 60,000, ni kama shilingi 750,000 kwa kila kiti. Rafiki yangu mmoja alisema kwa bei hiyo angekaa kwenye kiti hicho mpaka amalize chuo kikuu. Mimi nasema katika kila kiti kuna nafasi ya taa moja ya barabarani na mita chache za lami.

Jambo la maji nitaligusa tu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 30,000, mvua ya milimita 40 ikinyesha, humwaga lita 1,200,000. Sisi tulioona mafuriko ya Nairobi ya Aprili na Mei 2024 tukiwa mabondeni tuna haki ya kuuliza zitapitia wapi, na kama kuna matangi ya kuzinasa, kwani nyasi za uwanja zitahitaji maji hayo hayo kiangazi.

Tuliporudi shuleni, mwalimu wa Hisabati hakutuachia hapo. Alituambia tupime ukumbi wetu, ule wa gwaride la Ijumaa na mitihani. Una milango miwili, kila mmoja mita 1.4. Tuko 840. Kwa milango yote miwili tunatoka kwa dakika tatu na sekunde 40 hivi. Kwa mmoja, zaidi ya dakika saba. Na ni mmoja tu unaofunguliwa. Ule wa nyuma una kufuli, na mbele yake kumepangwa viti vilivyovunjika, tangu kabla sijaingia kidato cha kwanza.

Tuliandika barua, kwa Kiswahili, kwa naibu wa mwalimu mkuu. Aliisoma mbele yetu, akasahihisha makosa mawili, kisha akauliza ufunguo uko kwa nani. Bohari walisema uko kwa mhasibu. Mhasibu alisema uko kwa mlinzi wa usiku. Mlinzi wa usiku alisema yeye alikuta kufuli, ufunguo hakuukuta. Siku ya tatu fundi wa shule alikuja na msumeno, akaikata, viti vikahamishwa. Mlango ulilia kama mbuzi ulipofunguka, na mwangaza ukaingia upande wa ukumbi ambao hatukuwahi kuuona ukiwa na jua. Sasa kuna kufuli mpya, ufunguo wake umetundikwa kwenye msumari ndani ya kisanduku cha kioo, na chini yake kuna karatasi ya Chama chetu iliyoandikwa kwa wino mwekundu: MLANGO HUU UFUNGULIWE KABLA YA WATU KUINGIA.